Msuli Huu Si Sakafu

Neno "sakafu" linanikera. Kila ninapotafuta maandishi ya Kiswahili kuhusu msuli ninaotaka kuuzungumzia, iwe ni kipeperushi cha hospitali au video ya dakika mbili ya mtaalamu wa mazoezi, nakutana na maneno yaleyale: misuli ya sakafu ya nyonga. Anayeyatumia hana nia mbaya. Amekuta Kiingereza kinasema sakafu, naye akasema sakafu, akaendelea na kazi zake. Lakini sakafu ni saruji. Ukishaimwaga imekaa. Haipumui, haipandi, haishuki. Ikipasuka, wenye nyumba huita fundi, na kama hawana hela ya fundi hujifunza kuuruka ufa.

Mimi ni mtu wa Magamba, ile ya Mpanda mkoani Katavi. Wenzetu wa Lushoto wana Magamba yao yenye msitu na watalii. Sisi yetu ina mahindi, vumbi na bodaboda. Nyumba niliyokulia haikuwa na sakafu, ilikuwa na udongo ulioshindiliwa, unaonyunyiziwa maji asubuhi ndipo ufagiwe. Mwambie mama wa kule kwamba sakafu ya nyonga yake imelegea, atakutazama kama umemwambia bati la tumbo lake linavuja. Atacheka, atakuaga kwa heshima, na ataondoka na ugonjwa wake. Tumempa jina lisilomwambia kitu, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba wanawake wa vijijini hawana mwamko.

Na si kwamba Kiswahili kimeshindwa. Bonyeza chini ya kitovu, shuka taratibu hadi ukutane na mfupa: hapo ni kinena. Peleka mkono nyuma, mwisho kabisa wa uti wa mgongo, kwenye kale kamfupa kanakokuliza ukianguka matako chini: kifandugu, na wapo wanaosema kitokono. Ngozi iliyo kati ya uke na kinyeo, au kwa mwanamume kati ya korodani na kinyeo, inaitwa msamba. Ndiyo, msamba uleule wa wanasarakasi. Vijana wengi wanadhani kupiga msamba ni mchezo tu, hawajui kwamba wanataja kiungo cha mwili. Kwa hiyo lugha inalo jina la mfupa wa mbele, la mfupa wa nyuma, na la ngozi ya chini. Kilichokosa jina ni nyama iliyotandazwa kati ya mifupa hiyo miwili, inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho, kwa kila mtu anayesoma hapa, mwanamke na mwanamume.

Wanaanatomia waliiita kwa Kilatini levata ani, maana yake mwinua kinyeo. Jina hilo nalo halijitoshelezi, maana kuinua kinyeo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Wanyama wenye mkia hutumia misuli ya ukoo huu kuuchezesha mkia. Sisi tuliposimama kwa miguu miwili na mkia kutupotea, msuli wa mkia ukakabidhiwa mzigo. Tumbo lote sasa linauegemea kutoka juu.

Sehemu yake moja, inayoitwa puborektali, ndiyo iliyonifanya niandike. Inaanzia nyuma ya mfupa wa kinena upande mmoja, inakwenda nyuma, inauzunguka utumbo wa haja kubwa, kisha inarudi mbele kujishikiza kwenye kinena upande wa pili. Soma tena sentensi hiyo ukimfikiria mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kitambaa kinapita nyuma, kinashika matako ya mtoto kwa chini, ncha mbili zinarudi mbele na kufungwa kifuani. Ni mbeleko. Kila mwanamke wa Magamba anajua mbeleko ni nini, inavyofungwa, na inavyolegea mtu akitembea mwendo mrefu. Anajua pia kwamba mbeleko ikilegea mtoto anashuka, na kwamba unainama, unamrusha kidogo juu, unakaza upya. Hakuna semina inayohitajika.

Tofauti ya sakafu na mbeleko si ya urembo wa maneno. Mbeleko ni kitu kinachofanya kazi, na msuli huu unafanya kazi hata ukiwa umelala usingizi. Ni miongoni mwa misuli michache ya mwili isiyopumzika kabisa. Ukitaka kukohoa, wenyewe hukaza kabla kikohozi hakijatoka. Ukichuchumaa chooni, huachia, ule utumbo uliokuwa umevutwa mbele ukakunjika hunyooka, na haja hupita. Ndiyo maana choo chetu cha shimo, pamoja na nzi wake, kina mantiki ya kimwili ambayo choo cha kukalia hakina. Kitu kinachokaza na kuachia kinaweza kuchoka, kinaweza kuchanika, na mara nyingi kinaweza kufundishwa tena. Saruji haifundishwi.

Sekondari nilichora via vya uzazi vya mwanamke mara nyingi kuliko ramani ya Afrika. Mji wa mimba katikati, mirija kama pembe za ng'ombe, ovari mbili, mishale iliyonyooshwa kwa rula. Viungo vile vyote vilikuwa vinaelea hewani. Havikushikiliwa na kitu chochote, na hakuna mtihani uliouliza vinashikiliwa na nini. Halafu tunashangaa watu wazima wenye shahada wakiamini kwamba kizazi kikishuka ni kwa sababu mtu "alinyanyua kitu vibaya siku ile".

Neva kubwa ya eneo hili inaitwa pudendali, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha kuonea haya. Sisi tunasema sehemu za siri. Roma na Mpanda zilikubaliana bila kufanya kikao.

Palipokosekana jina la msuli, mtaa umeweka tusi. Bwawa. Mmelisikia, baadhi yenu mmelitumia kwenye magrupu ya WhatsApp na mkaweka vikatuni vya kucheka. Mwanamke akiitwa bwawa kinachodaiwa ni tabia: amepitiwa na wengi, ndiyo maana yuko hivyo. Sasa tuulize msuli wenyewe. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa sentimita 34 hivi. Mwaka 2004 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha mfano wa kompyuta unaoonyesha kichwa hicho kikipita, wakakuta sehemu ya msuli huu iliyo karibu zaidi na uke inavutika hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa kawaida. Misuli mingi ya mwili huumia kabla hata haijafika mara mbili. Hakuna mwanamume wa Mpanda, hata yule anayejisifu baada ya chupa ya tatu, anayekaribia kipimo hicho.

Mwaka mmoja kabla, 2003, timu ya John DeLancey hukohuko Michigan ilikuwa imechapisha picha za MRI za wanawake 160 waliozaa mara moja, nusu yao wakiwa na tatizo la kuvuja mkojo, na wengine 80 ambao hawajazaa. Kati ya waliozaa, 32 walionekana kuwa na hitilafu kwenye msuli huu. Kati ya wasiozaa, hakuna hata mmoja. Tafadhali simama kwenye namba hiyo ya mwisho. Hao 80 hawajazaa. Hakuna aliyesema hawajaguswa. Kinachouchana msuli ni uzazi. Kwa hiyo anayemwita mama wa watoto wake bwawa anamtukana kwa jeraha alilolipata akimzaa mtoto anayeitwa kwa jina la mtukanaji.

Na penye tusi hapakosi biashara. Shabu, vidonge vya kuingiza, majani ya kufukiza, sabuni za "kurudisha usichana", vyote viko kwenye simu yako, vinaletwa mpaka mlangoni, lipa ukipokea. Shabu ikiwekwa ukeni hukausha ute na kuifanya ngozi ijikunje. Msuli uko nyuma ya ukuta wa uke, na shabu haiufikii, sawa na chumvi iliyopakwa ukutani isivyofika kwenye mchuzi wa jirani. Mwanamke anabaki na ukavu, michubuko na maumivu, na msuli unabaki ulivyo. Ninawalaumu wauzaji, lakini ninatulaumu zaidi sisi tuliosoma, kwa sababu wao angalau wanazungumza. Sisi tunaujua ukweli na tunauficha kwenye neno la sakafu.

Nilijifungua katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Niliongezewa njia, nikashonwa, nikarudi nyumbani kukandwa kwa maji ya moto. Siku ya arobaini na mbili nilirudi na mtoto. Walimpima uzito wakafurahi. Wakaangalia mshono, ukawa umepona. Wakaniuliza nitatumia uzazi wa mpango gani. Muuguzi alikuwa mchangamfu, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu hadi kwenye mwembe. Hakuna aliyeniuliza kama ninavuja nikipiga chafya, kama naweza kuzuia ushuzi, kama nikisimama muda mrefu nasikia kitu kizito kinashuka. Nilikuwa na majibu ya maswali hayo yote matatu. Lakini mtu hajibu asichoulizwa, hasa mbele ya foleni.

Mama yangu mdogo amezaa saba, na kwa miaka zaidi ya ishirini amebeba maji kichwani. Ndoo ya lita ishirini ina kilo ishirini, hilo halihitaji utafiti. Jioni moja tukipukuchua mahindi akaniambia chango lake limezidi. Chango, kwa wasioishi nalo, ni kapu tunalotupia kila maumivu ya tumbo la mwanamke.

"Mama mdogo, samahani nikuulize."

"Uliza, mwanangu."

"Linashuka wakati gani?"

"Nikitoka bombani. Asubuhi nakuwa sina kitu."

"Na ukilala?"

"Linarudi lenyewe. Ndiyo maana nasema ni chango, lina akili zake."

Nikamuuliza kama amewahi kumwambia mganga wa zahanati. Akacheka hadi punje zikamtoka mkononi. "Yule? Nilimbeba mimi mgongoni akiwa mdogo, leo nimvulie nguo?"

Maelezo yake yangeweza kuingia kwenye kitabu cha tiba bila kuhaririwa. Kiungo kinachoshuka mchana kwa uzito na kurudi usiku ukilala: hiyo ni mbeleko iliyolegea. Na hayuko peke yake. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwapima wanawake 1,047 wa vijijini, wa umri wa miaka 18 hadi 90. Asilimia 64.6 walikuwa na viungo vya nyonga vilivyoshuka kwa kiwango kinachopimika, wengi bila hali kuwa mbaya, asilimia 6.7 walikuwa na mshuko mkubwa, uliotokeza nje. Miongoni mwa yaliyoambatana nao ni kuzaa mara nyingi, kujifungulia nyumbani, kilimo na kubeba mizigo mizito. Nikiisoma orodha hiyo naona wasifu wa mama mdogo. Hai ina barabara za lami na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC mkoani kwake. Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, ulikuwa na sifa nyingine: katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito. Nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Hakuna mkoa uliotushinda. Tunaanza kuutumia msuli huu mapema na tunautumia mara nyingi.

Hapa huwa najibiwa kwamba kuna mambo makubwa zaidi. Kina mama wanakufa, wewe unaleta habari za chafya. Nami nalichukulia jibu hilo kwa uzito, kwa sababu lilikuwa la kweli. Lakini namba zimebadilika. Utafiti huohuo wa kitaifa ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni ushindi, na wauguzi waliouleta kwa mishahara ile wanastahili sanamu katikati ya mji. Ila huwezi kumwokoa mtu halafu ukamwambia ashukuru kwa kunyamaza. Wanawake wengi zaidi wanatoka leba wakiwa hai, na wataishi miaka mingine arobaini na msuli walioupata siku ile. Miaka hiyo nayo ni afya ya uzazi.

Fistula inatuonyesha kwamba inawezekana. Nayo ilikuwa siri. Mwanamke aliyepasuka njia akavuja mkojo mfululizo alifichwa chumba cha nyuma na jamaa wakasema karogwa. Leo ina siku yake, tarehe 23 Mei, inayoadhimishwa na Umoja wa Mataifa tangu 2013. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inatibu bila malipo, na tangu 2009 ilianza kutuma nauli kwa simu ili mgonjwa wa mbali asishindwe kwa sababu ya basi. Hilo lilianza kwa watu kukubali kulitaja tatizo kwa jina, redioni na kanisani, bila kukohoa kwanza. Msuli uliochanika hauna tundu la kuonyesha kwenye picha ya kampeni. Unavuja kidogo, unashusha kidogo, unaaibisha kila siku kidogo. Hata baadhi ya wanawake waliozibwa fistula vizuri huendelea kuvuja, kwa sababu tundu limefungwa na misuli inayopaswa kuzuia mkojo bado imeumia.

Wengine husema haya ni anasa ya Wazungu. Ni kweli Ufaransa mama aliyejifungua huandikiwa vipindi kama 10 vya kuufundisha upya msuli huu, na bima ya taifa hulipa. Lakini kifaa kinachohitajika ni mwili anao tayari, na maarifa yake hayakutoka ng'ambo yote. Arnold Kegel, daktari wa Los Angeles, aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948 na dunia ikayaita kwa jina lake. Makungwi wa pwani walikuwa wakiwafundisha wari kuitawala nyonga muda mrefu kabla yake. Najua walifundisha kwa ajili ya kitanda cha ndoa, na nina ugomvi nao kwa hilo. Hata hivyo walifundisha wakigusa, wakionyesha, wakirudia, chumba kizima kikicheka, jambo ambalo kliniki haijaliweza.

Zoezi lenyewe ni hili. Vuta ndani na juu kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya mkwe. Usikaze matako, usibane pumzi. Shikilia kwa sekunde chache, achia kabisa, kisha rudia. Mwongozo wa Uingereza unataka mikazo minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau, na chini ya uangalizi. Ushahidi kwamba hupunguza kuvuja mkojo ni wa miaka mingi. Wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume hupewa zoezi hilohilo, kwa hiyo ndugu zangu msiondoke. Na sitaki kuwauzia muujiza kama wale wa shabu: msuli uliong'oka kwenye mfupa haurudishwi na mazoezi, kizazi kilichotoka nje kinahitaji pete ya kukishikilia au upasuaji, na wapo ambao msuli wao umekaza kupita kiasi, hao kuukaza zaidi ni kuwaongezea maumivu. Ndiyo sababu kwanza lazima mtu aulizwe.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Walimu wa biolojia waongeze mstari mmoja chini ya ule mchoro unaoelea, kutoka kinena hadi kifandugu, na waandike jina. Waandishi wa vipeperushi waache saruji. Kama mbeleko haiwapendezi walete neno bora. Lakini kwanza wakalijaribu kisimani, si kwenye warsha ya hoteli. Na siku ya arobaini na mbili, baada ya mtoto kupimwa uzito, mlango ufungwe, mama aulizwe: Mbeleko ya ndani inakushika? Unavuja ukikohoa au kupiga chafya? Unaweza kuzuia ushuzi? Kuna kitu kinashuka ukibeba ndoo?

Nimeyasoma maswali hayo kwa sauti mbele ya saa, kwa mwendo wa kawaida, kama muuguzi mwenye foleni hadi kwenye mwembe. Ni sekunde kumi na nne.